Kamisheni Si Mshahara: Jinsi ya Kuishi na Pesa Isiyo na Tarehe

Kama unauza bima, ploti, magari, simu za mkopo, dawa, vitabu vya shule au laini za simu chini ya ule mwavuli wa steji, makala hii ni yako. Ni yako pia kama una duka la wakala wa pesa kwa simu, maana wakala naye ni mtu wa kamisheni. Na kama uko nyumbani, umemaliza shule, halafu umeona tangazo linasema "wauzaji wanahitajika haraka, kamisheni nono", soma hadi mwisho kabla hujapanda matatu kwenda kuhojiwa.

Siku hizi kamisheni nyingi hulipwa kwa simu, ndiyo maana sisi pia tunahusika. Kuna swali moja ambalo wauzaji hujiuliza wakifungua taarifa yao ya pesa: mwezi wa tatu iliingia elfu sitini na kitu, iweje mwezi wa nne nikope nauli?

Jibu letu ni hili. Kwa wengi wanaofanya kazi ya kamisheni, shida si kwamba pesa ni kidogo. Shida ni kwamba pesa inatumika kabla haijawa yao, ama inatumika yote siku ile ile imekuwa yao. Ukijua kamisheni inakuwa yako lini hasa, na ukijua kuigawa siku ikifika, kazi hii inalipa na inaweza kulea familia. Usipojua hayo mawili, hata kamisheni kubwa itakuacha na madeni.

Utamu wake uko wapi

Tuanze na mazuri, kwa sababu yapo na si ya kubahatisha.

La kwanza, mlango wake ni mpana. Ofisi nyingi zinaitisha digrii na miaka ya uzoefu. Mauzo yanaitisha mtu anayejua kuongea, kusikiliza na kurudi tena kesho. Kuna kazi zinazotaka leseni au cheti kwanza. Kwa mfano, wakala wa bima lazima asajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, na wengi huingilia kwa mtihani wa cheti wa Chuo cha Bima. Mtu wa kuuza nyumba na ardhi kwa niaba ya wengine naye yuko chini ya bodi ya usajili wa mawakala wa mali. Lakini kwa wakala wa bima, miezi michache ya kusoma inatosha kuanza. Si miaka minne.

La pili, hakuna anayekuwekea dari. Mwenye mshahara akifanya kazi mara mbili, mara nyingi mwisho wa mwezi anapata pesa ile ile. Wewe ukiuza mara mbili, unalipwa mara mbili. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na hakuna kazi inayothibitisha methali hiyo kama hii.

La tatu, kuna kamisheni zinazorudi. Mteja wa bima ya gari akirudia kila mwaka kupitia kwako, unalipwa tena bila kuanza upya kumtafuta. Duka linaloagiza bidhaa kwako kila wiki ni vivyo hivyo. Muuzaji aliyekaa miaka mitano na wateja wake hahangaiki kama aliyeanza jana. Daftari la wateja wazuri ni mali, hata kama halina hati.

La nne, unajifunza biashara kwa pesa ya mtu mwingine. Unajua bei, unajua soko, unajua nani analipa na nani anasumbua. Ukija kufungua chako, huanzi gizani.

Kamisheni mbichi na kamisheni iliyoiva

Sasa tuje kwenye kiini. Mauzo yana hatua, na pesa haiwi yako katika hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza, mteja anasema "sawa, nitachukua". Umefurahi, umempigia bosi, labda umeambia watu nyumbani. Hapo kamisheni bado ni ua tu kwenye mti.

Hatua ya pili, mteja ameweka sahihi au ametoa malipo ya kwanza. Sasa ni tunda, lakini bichi.

Hatua ya tatu, kampuni imekulipa na pesa imeingia kwenye simu au benki. Wengi wanadhani hapa mambo yameisha. Hayajaisha.

Hatua ya nne, muda umepita ambao kampuni haiwezi tena kudai pesa hiyo irudi. Hapo ndipo kamisheni imeiva.

Kwa nini kuna hatua ya nne? Kwa sababu mikataba mingi ina kipengele cha kurudisha. Mteja wa bima ya maisha akiacha kulipa baada ya miezi michache, kampuni inaweza kukata kamisheni uliyolipwa mwanzoni. Mteja wa simu ya mkopo akikwama kwenye malipo ya wiki za kwanza, huenda muuzaji akapunguziwa. Mnunuzi wa ploti akirudishiwa amana yake, kamisheni nayo inafuata. Kila kampuni ina kanuni zake, na si zote zinakata. Lakini kama yako inakata, lazima ujue ni muda gani na ni kiasi gani.

Tuseme umelipwa 20,000 leo na mkataba unasema inaweza kurudishwa ndani ya siku 90. Hiyo 20,000 si ya kununua kochi kesho. Angalau sehemu yake ikae pembeni hadi siku hizo ziishe. Mteja akiendelea kulipa vizuri, kochi utalinunua na hakuna atakayekuja kulidai.

Hili pia linabadilisha jinsi unavyouza. Ukijua pesa inaiva mteja akibaki, huwezi kumshurutisha mtu anunue kitu asichokiweza. Mtu anayepata 300 kwa siku ukimsukumia simu ya kulipiwa 150 kwa siku, wewe mwenyewe unajua atafika wapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata kizuri kikipelekwa kwa mteja asiyefaa kitarudi mlangoni kwako.

Mtihani wa mwezi wa tatu

Wauzaji wapya wengi huanza vizuri. Mwezi wa kwanza anauzia dada, mjomba, rafiki wa kanisani, jirani wa ploti. Mwezi wa pili anauzia watu walioletwa na hao. Mwezi wa tatu simu inakaa kimya. Ndugu wameisha, na sasa ni kuuzia watu asiowajua.

Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Kwa hivyo ukiona mwezi wa tatu umeshuka, usidhani umerogwa. Na usipange maisha yako kwa kipimo cha mwezi wa kwanza, ukahamia nyumba kubwa au ukachukua pikipiki kwa mkopo. Ngoja uone miezi sita.

Kuna jambo jingine linalowamaliza watu kimya kimya katika kipindi hiki: kumlipia mteja. Inakuwa hivi. Imebaki siku mbili mwezi uishe, tageti ni mauzo kumi, uko na manane. Ukifika kumi unapata bonasi. Kuna wateja wawili wanasema "nitalipa tarehe tano nikipata mshahara". Unaamua kuwalipia malipo ya kwanza kutoka mfukoni, ama mbaya zaidi, unachukua mkopo wa simu. Ukipiga hesabu unaona bonasi itafunika yote.

Tarehe tano inafika, mmoja hashiki simu. Sasa una deni lenye riba, mauzo yanafutwa, na kamisheni inakatwa. Umelipa ili ufanye kazi.

Ushauri wetu ni mfupi: tageti iliyonunuliwa kwa mkopo si tageti. Afadhali ukose bonasi mwezi mmoja kuliko kuanza mwezi mwingine ukiwa chini ya sifuri. Kama kiongozi wa timu anakusukuma ufanye hivyo ili timu ionekane, mwulize kwa heshima kama naye atachangia deni.

Na tuseme jambo moja kuhusu usalama. Kazi hii inapeleka watu, hasa akina dada, kwenye nyumba na ofisi za wageni. Kutana na mteja mpya mahali penye watu, mwambie mwenzako uko wapi, na ukiona mtu anataka kitu kingine zaidi ya bidhaa, ondoka. Hakuna kamisheni ya thamani hiyo, na meneja anayekuambia "vumilia, ni mteja mkubwa" hakutakii mema.

Pesa ya mteja haina kamisheni ndani yake

Hapa tunaomba umakini wako, kwa sababu ndipo watu wazuri huharibikiwa.

Mteja anakuambia, "Nitume kwa namba yako tu, wewe ndiye ninakujua." Ni rahisi, na inaonekana ni uaminifu. Anatuma 15,000. Jioni hiyo mtoto anaugua, unachukua 4,000 ukisema utarudisha Ijumaa kamisheni ikiingia. Ijumaa haiingii. Sasa mteja anaamini amelipa, kampuni haijaona kitu, na gari lake liko barabarani bila bima.

Kisheria hilo si deni la kawaida. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kosa la wizi unaofanywa na mfanyakazi, na kosa la wizi unaofanywa na wakala, na kusema "nilikuwa nitarudisha" si kinga. Mtu anapoteza kazi, jina na labda uhuru, kwa shilingi elfu nne.

Dawa yake ni rahisi. Pesa ya mteja isipite kwenye laini yako hata kidogo. Mpe namba ya Paybill au Till ya kampuni, simama naye alipe, soma naye jina linalotokea kabla hajathibitisha malipo, kisha ahifadhi ule ujumbe. Ukimweleza kwamba hivyo ndivyo anavyolindwa, mteja hakasiriki. Anakuamini zaidi.

Na kama biashara ni yako mwenyewe, unanunua bidhaa na kuuza, pata Till ya biashara au laini ya pili. Laini moja iwe ya kazi, nyingine ya nyumbani. Pesa zikichanganyika, hata wewe mwenyewe hujui umepata faida au umekula mtaji.

Jambo dogo lakini muhimu: ujumbe si pesa, salio ndilo pesa. Wezi hutuma ujumbe unaofanana na wa kweli, kisha wanaondoka na bidhaa. Kabla hujamkabidhi mtu simu au funguo, angalia salio.

Jilipe mshahara

Sasa twende kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa muuzaji mmoja. Hizi ndizo kamisheni zake, ushuru ukiwa umeshakatwa:

Machi: 65,000
Aprili: 9,000
Mei: 41,000
Juni: 23,000
Julai: 12,000
Agosti: 18,000

Jumla ya miezi sita ni 168,000. Ukigawanya kwa sita, wastani ni 28,000 kwa mwezi. Sasa toa gharama za kazi: nauli, boda, kredo, bando, chai ya kumsubiri mteja. Tuseme 6,000 kila mwezi. Inabaki 22,000.

Kwa hivyo huyu si mtu wa 65,000, na si mtu wa 9,000. Ni mtu wa 22,000. Akiishi kama mtu wa 65,000 mwezi wa Machi, Aprili atalala njaa au atakopa. Akijua yeye ni mtu wa 22,000, anaweza kujipangia mshahara wa 18,000, chini kidogo ya wastani, na kuacha nafasi ya kupumua.

Tuone inavyokwenda. Machi anapata 65,000, anatoa gharama 6,000, anajilipa 18,000. Inabaki 41,000, anaiweka kwenye akiba, si kwenye laini ya matumizi. Aprili anapata 9,000. Baada ya gharama ana 3,000 tu. Anachukua 15,000 kutoka akiba, anajilipa 18,000 kama kawaida, na akiba inabaki 26,000. Mei inapanda hadi 43,000. Juni inashuka kwa elfu moja tu, 42,000. Julai ni kavu, inashuka hadi 30,000. Agosti inabaki 24,000.

Miezi sita imepita. Watoto wamekula kila mwezi, kodi ya nyumba imelipwa kila mwezi, hakuna mkopo wa simu, na ana 24,000 mkononi. Pesa ni zile zile 168,000. Kilichobadilika ni mpango.

Kufanya hivyo si lazima uwe na programu ya kifahari. Fanya haya:

Kwanza, andika kila kamisheni inapoingia na kila shilingi ya kazi inapotoka. Daftari linatosha. Ukiweza, pakua taarifa yako ya miezi sita kwenye simu uone ukweli bila kujidanganya.

Pili, tafuta wastani wako, toa gharama, kisha jipangie mshahara ulio chini ya hapo.

Tatu, chagua siku moja ya kujilipa, tuseme tarehe 1. Kamisheni ikiingia tarehe 12, iende kwenye akiba kwanza ingoje siku yake.

Nne, akiba hiyo iwe mahali ambapo hutaifikia kwa kubonyeza mara mbili ukiwa na kiu. Akaunti ya akiba ya simu iliyo na muda maalum, Sacco, au chama chenye watu makini. Akiba haiozi.

Tano, mwezi mzuri ukija, lipa madeni na jaza akiba kabla hujaongeza matumizi. Kama una watoto shuleni, kumbuka Njaanuari inakuja na karo, na wateja wako wengi pia huwa wamefilisika mwezi huo. Yaani gharama zako zinapanda wakati mauzo yanashuka. Desemba nono iangalie Januari.

Kwa mwenzetu wa duka la wakala

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, kazi ya wakala imeajiri watu wengi katika kila mji na kila kijiji cha nchi hii, na karibu wote wanaishi kwa kamisheni. Kwako hesabu ina sura nyingine kidogo.

Wewe hupati kamisheni kwa pesa iliyolala kwenye droo. Unaipata pesa ikizunguka. Mteja akija kutoa 10,000 na huna pesa taslimu, au akija kuweka na floti imeisha, anavuka barabara kwa jirani. Hujapoteza mtaji, umepoteza kamisheni, na labda umempoteza mteja. Kwa hivyo jifunze siku zako: siku ya soko, mwisho wa mwezi, siku ya bonasi ya majani chai au malipo ya maziwa kama uko mashambani. Panga floti na pesa taslimu kabla ya siku hizo.

La pili, mtaji si kamisheni. Kwenye simu ya kazi unaona 80,000, lakini hiyo ni floti. Yako ni ile kamisheni ya mwezi. Ukila floti kidogo kidogo, duka linakauka bila wewe kujua limekauka lini.

La tatu, usigawanye muamala mmoja mara nyingi ili kamisheni iongezeke. Ni kinyume cha masharti, inaonekana kwenye mfumo, na inaweza kukugharimu duka lenyewe.

Soma mkataba kama mtu atakayeuhitaji

Kuna aina mbili za watu wa kamisheni, na haki zao si sawa.

Wa kwanza ni mwajiriwa. Ana mshahara, hata kama ni mdogo, na kamisheni juu yake. Huyu analindwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na mkataba ueleze malipo yanavyokokotolewa.

Wa pili ni wakala wa kujitegemea. Hana mshahara, hana likizo ya kulipwa, anauza na kulipwa kwa alichouza. Huyu anaongozwa zaidi na mkataba wake. Tatizo ni pale mtu anapoitwa "wa kujitegemea" lakini anaripoti saa mbili kamili, anavaa sare, anaomba ruhusa ya kwenda hospitali na hawezi kuuzia kampuni nyingine. Mgogoro ukifika mahakamani, huangaliwa uhalisia wa kazi, si jina tu lililoandikwa kwenye karatasi.

Kabla hujaweka sahihi, uliza maswali haya na upate majibu kwa maandishi:

Kamisheni ni asilimia ngapi, na ya nini? Ya bei yote au ya pesa iliyolipwa tayari?

Inalipwa siku gani?

Inaweza kurudishwa? Ndani ya muda gani?

Nauli na kredo ni za nani?

Nikitoka leo, mauzo niliyoyafanya jana nitalipwa? Na wateja wangu wanaorudia kila mwaka?

Tageti ikibadilishwa katikati ya mwezi, itakuwaje?

Hilo swali la kuondoka wengi wanaliogopa, wanaona kama kujichuria. Ndilo la maana kuliko yote. Ugomvi mwingi wa kamisheni huanza siku mtu anapoaga.

Ukinyimwa haki yako, usiishie kulalamika kwenye kundi la WhatsApp. Kama ni mwajiriwa, anzia ofisi ya leba ya kaunti yako. Kama ni wakala wa kujitegemea na unadai hadi shilingi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya 2016, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Migogoro ya ajira haipelekwi huko, ndiyo maana ni muhimu kujua wewe ni yupi kati ya hao wawili. Kotekote utaulizwa ushahidi: mkataba, orodha ya mauzo, jumbe za malipo. Vihifadhi tangu siku ya kwanza.

Ushuru, hospitali na uzee

Mwenye mshahara hukatwa haya bila kufikiria. Wewe lazima ufikirie.

Kama kampuni inakata ushuru kabla ya kukulipa kamisheni, hakikisha umewapa PIN yako ya KRA ili kiasi hicho kionekane kwa jina lako kwenye iTax. Ukijaza ripoti yako ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni, kile kilichokatwa kinahesabiwa. Usipojaza, umelipa ushuru na bado unadaiwa faini.

SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hujisajili mwenyewe, kiwango chake hukadiriwa kulingana na mapato ya nyumba, na mchango hulipwa wa mwaka mzima. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na akiba: mwezi mnono ndio wa kulipia mwaka, kwa sababu ugonjwa hautasubiri Machi nyingine.

Na uzeeni, hakuna mwajiri atakayekuwekea. Weka kidogo kidogo kwa NSSF kama mchangiaji wa hiari au kwa mpango wa pensheni wa binafsi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi isiyo kazi

Mwisho, tuonye. Kwa sababu mlango wa kazi hii ni mpana, matapeli nao hupita hapo hapo. Jiulize mambo mawili.

Je, ninaambiwa nitume pesa ili nipate kazi? Pesa ya fomu, ya sare, ya mafunzo, ya kupimwa hospitali, itumwe kwa namba ya mtu binafsi. Kazi halali ya mauzo inakulipa, haikuombi. Ukiambiwa "tuma 1,500 sasa hivi, nafasi zimebaki mbili", acha hizo mbili wachukue wenyewe.

Je, kamisheni inatoka wapi? Ikitoka kwa mteja aliyenunua kitu na anakitumia, hayo ni mauzo. Ikitoka kwa ada za watu wapya unaowaleta, na wao walipwe wakileta wengine, huo ni upatu. Walioingia mapema hulipwa na pesa za waliochelewa, na wanaochelewa huwa ni ndugu na marafiki zako.

Ukishatuma na ukagundua ni utapeli, piga simu kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, kisha uripoti polisi. Kila dakika ni muhimu, kwa sababu tapeli hatoi pesa kesho, anaitoa sasa hivi.

Wiki hii, kabla hujaenda kutafuta mteja mwingine, tenga nusu saa. Pakua taarifa yako ya miezi sita, jumlisha kamisheni, gawanya kwa sita, toa gharama. Namba utakayopata ndiyo mshahara wako wa kweli. Huenda ni ndogo kuliko ulivyodhani, huenda ni kubwa. Vyovyote iwavyo, sasa unaijua, na unaweza kupanga nayo nyumba. Tunakutakia mauzo mema, na PIN yako ibaki siri yako.